ERPNext kwenye karakana ya sabuni: inafuatilia bechi kweli?

Nasimamia karakana ndogo ya sabuni za vipande, na kilichonifanya nitafute programu ni swali ambalo daftari lilichelewa kulijibu: kipande hiki alichorudisha mteja kimetokana na pipa lipi la mafuta, na wenzake wa bechi ile (mkupuo mmoja wa kutengeneza) wako wapi? Sabuni isiyopikwa hukaa rafuni wiki 4 hadi 6 ikikomaa. Hadi itoke, pipa lile limeshakwisha na jingine limefunguliwa.

Tulianza na mfumo wa kulipia kila mwezi, siutaji jina. Grafu zake zilipendeza, lakini haukuwa na mahali pa kuingiza namba ya bechi ya malighafi. Kwa mtengeneza sabuni, hilo halivumiliki.

ERPNext ni programu huria ya kuendeshea shughuli za biashara, yenye leseni ya GPL inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, kwa hiyo yenyewe hailipiwi. Gharama iko kwenye seva na fundi wa kuisimika. Uzuri wake mkubwa kwangu ni orodha ya malighafi ya kila bidhaa. Ukishaithibitisha, hakuna anayeibadilisha kimyakimya: ukitaka vipimo vingine unatengeneza orodha mpya, na ile ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takribani gramu 180 za kostiki soda, ilhali mawese yanatosheka na takribani 140. Mtu akiweka mawese badala ya nazi bila kupunguza kostiki, sabuni itachoma ngozi ya watu. Ndiyo maana nataka kila badiliko lionekane, na lijulikane ni la nani.

Oda ya kazi ikifunguliwa kwenye programu, kila hatua inapata kadi yake: kukoroga, kumimina kwenye kalibu, kukata. Mfanyakazi anabonyeza kuanza, anabonyeza kumaliza, anaandika idadi iliyotoka. Hapa ndipo mifumo mingi hufa, kwa sababu kazi hufanyika asubuhi na taarifa huingizwa jioni kwa kukumbuka. Sisi tumeweka simu palepale kwenye meza ya kukatia, na kila trei ina lebo ya msimbo wa QR. Msimbo huu ulizaliwa kwa ajili ya viwanda hasa: kampuni ya Denso ya Japani iliutoa mwaka 1994 kufuatilia vipuri vya magari. Chapisheni kwa kiwango cha H cha kusahihisha makosa, ambacho husomeka hata takribani asilimia 30 ya msimbo ikiharibika. Vidole vya mafuta havituzuii tena.

Programu yenyewe ni pana kuliko mahitaji ya karakana ndogo. Kuna uhasibu, mishahara, miradi, mauzo. Mfungulieni mkata sabuni kadi za kazi tu, kwa kutumia ruhusa za watumiaji, mengine yafichwe. Anayetengeneza bidhaa mojamoja kwa oda ya mteja, bila bechi, pengine jedwali la kawaida la kompyuta linamtosha.

Anayeamua kuichukua apime stoo yote kwanza, pipa kwa pipa, na kuipa kila bechi namba. Isipobadilishwa mipangilio, programu haikubali kutoa malighafi ambayo kwenye hesabu zake haipo, na oda ya kwanza itakwamia hapo.