Stakabadhi mbili za mizani: riwaya mpya ya upelelezi kutoka Mbeya

Lori la mbao limetoka Mafinga, limepima Makambako, limepima tena Mpemba kabla ya Tunduma, na stakabadhi zote mbili zinasoma uzito uleule. Lori na mzigo wake havizidi tani 56, kikomo cha barabarani, dereva hana kosa, polisi wanamwachia. Msomaji wa haraka naye atapita. Ndipo mwandishi mwenzetu anapokuwa amekupiga chenga, kwa sababu siri ya riwaya yake yote imelala kwenye kulingana huko.

Lori lenye trela na mzigo hunywa dizeli kama lita 45 kwa kila kilomita 100, na lita moja ina kilo 0.84 hivi. Makambako hadi Mpemba ni zaidi ya kilomita 250. Piga hesabu: karibu kilo 95 zimeungua njiani, kwa hiyo stakabadhi ya pili ilipaswa kusoma pungufu. Lori lisilopungua limeokota kitu. Na dalali wa mpunga aliyepotea Igurusi alikuwa mtu wa mwili.

Je, kama dereva alijaza mafuta? Koplo wetu, mpelelezi wa kisa hiki, kalifikiria hilo, na sura ya tisa nzima anapita sheli moja moja kuanzia Igawa, Chimala, mpaka Vwawa, akiomba vitabu vya mauzo. Hiyo ndiyo sura bora kuliko zote. Hakuna bunduki wala kukimbizana, kuna mtu na daftari, vumbi, na wahudumu wa pampu wanaoogopa kusema.

Kasoro zipo. Mizani ya barabarani haisomi kilo moja moja. Mbao zikilowa mvua, au gari likisimama vibaya kidogo kwenye sahani, kilo mia huja na kuondoka. Mauaji yamewekwa Machi, mwezi wa mvua. Yangesogezwa Septemba, wakili wa utetezi angekosa pa kushika. Daktari wa mochwari naye anataja saa ya kifo hadi dakika, jambo ambalo daktari makini hathubutu. Baridi huchelewesha maiti kukakamaa, na mwili uliolala usiku kucha kwenye ubaridi wa Uyole hausomeki kama uliolala kwenye joto la Kyela.

Kubwa zaidi ni mahojiano. Mtuhumiwa anahojiwa kuanzia jioni hadi alfajiri, kisha maelezo yake yanapokelewa mahakamani bila mtu kukohoa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa muda wa saa nne tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, labda muda uongezwe kwa utaratibu wake. Pingamizi hapo ni la lazima, na lingeongeza utamu wa sura za mwisho, ambazo kwa kweli zinakimbia mno.

Lugha haina deni. Mama muuza ndizi wa Tukuyu anasalimia “ugonile” na mwandishi hajisumbui kutafsiri. Makondakta wa Kabwe wanaongea kama makondakta, si kama watangazaji wa redio.

Faili la riwaya linakuja kwa WhatsApp baada ya kulipa kwa simu, na unachagua EPUB au PDF. Chukua EPUB. PDF imepangwa kwa karatasi ya A4, kwenye simu utakuwa unavuta na kusukuma ukurasa kila mstari. EPUB ikigoma kufunguka usidhani umetapeliwa, simu nyingi hazina programu yake: pakua ReadEra, haina malipo, rudi kwenye faili, uiguse, uchague ReadEra. Kuza herufi upendavyo, mistari itajipanga yenyewe. Ukishaipakua haili bando tena, hata ukiwa kwenye basi mlima Kitonga, mtandao unapokatika.

Usianze na sura ya mwisho, na ukifika kwenye stakabadhi, ziangalie mara mbili.