Pizza za kuchagua mwenyewe, Himbi: kweli zinapita 1000?

Mgahawa huu mdogo uko Himbi, hapa Goma, na ukutani wameandika kwamba wana pizza zaidi ya 1000. Vitu vya kuweka juu ni kumi tu: kitunguu, uyoga, avoka, nanasi, mayai, kuku, soseji, nyama ya kusaga, sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) na fromaji, yaani jibini, ya Masisi. Wengi wanaona ni maneno ya biashara. Mimi nafundisha hesabu, nikaomba kalamu.

Kila kitu kina njia mbili: kiwekwe au kisiwekwe. Chukua fromaji, sambaza na kitunguu peke yake. Kuna pizza tupu, tatu za kitu kimoja, tatu za vitu viwili, na moja yenye vyote. Jumla 8, yaani 2 × 2 × 2. Kwa vitu kumi unaandika 2 kumi na kuzizidisha zote pamoja, inatoka 1024. Wamesema kweli, na nawapongeza.

Lakini bei ya kawaida ni ya vitu visivyozidi vitatu. Cha nne unaongeza faranga. Hapo zinabaki chache: tupu 1, za kitu kimoja 10, za viwili 45, za vitatu 120. Jumla 176. Nilimwambia dada anayehudumu waandike hilo pia, maana mtu anayekuja na watoto na pesa ya kubana anapaswa kujua kabla hajaagiza. Alinisikiliza vizuri.

Aliyesoma pembetatu ya Pascal (namba zilizopangwa kwa umbo la pembetatu, kila moja ya ndani ni jumla ya mbili zilizo juu yake) ataijua hiyo safu: 1, 10, 45, 120, 210, 252, kisha inashuka vilevile. Kundi kubwa kuliko yote ni la vitu vitano. Nilijaribu pizza moja ya hizo, na mkate wa katikati ulitoka umelowa, uyoga na nanasi vimeachia maji. Kwa tanuri lao, vitatu vinatosha kabisa.

Agizeni fromaji, kitunguu na sambaza. Mama mpishi anawakaanga sambaza pembeni mpaka wakauke, anawamwaga juu pizza ikishatoka motoni, kwa hiyo wanatoa mlio ukiwatafuna huku fromaji bado inavutika. Hiyo moja naiweka mbele ya zote 1023 zilizobaki.

Nyota nne. Jumamosi jioni wahini, meza ni chache.