Ushirika wa kuangaliana watoto wa Capitol Hill: huduma nzuri, ila kuponi zichungwe

Sifa kubwa ya huduma hii ni kwamba anayebaki na mtoto wako ni mzazi mwenzako, na kesho yeye ndiye atakayekuletea wake. Fedha haitoki mfukoni. Wazazi wa Capitol Hill, jijini Washington, waliuendesha ushirika huo miaka ya 1970 wakiwa familia zipatazo 150, nao unafaa kuigwa, mradi makosa yake yaachwe hukohuko.

Wazazi walilipana kwa kuponi, na moja ililipia nusu saa ya kulea. Aliyejiunga alipewa kuponi za saa 20, akaondoka amerudisha kiasi hichohicho. Aliyetaka kutoka jioni alimpigia simu karani wa mwezi, naye akamtafuta mwenye nafasi. Tofauti na upatu, hakuna zamu: kila mtu hutoka anapotaka, na ugumu wote unaanzia hapo.

Familia nyingi zilitaka kujiwekea akiba ya kuponi. Kuponi zilizokuwapo hazikutosha, kila mmoja akataka kulea ili azikusanye, na hakuna aliyetaka kutoka. Asipotoka jirani, wewe utamlea nani? Walitunga sheria ya kuwalazimisha watu watoke. Haikusaidia, kwa sababu uhaba ulikuwa wa kuponi, si wa hamu ya kutoka. Walipogawa za saa 10 zaidi kwa kila familia, mambo yakafunguka. Lakini wageni nao walianza kupewa za saa 30 huku wakirudisha za 20 tu. Kila aliyepita aliacha ziada nyuma yake, mpaka kuponi zikajaa, watu wakataka kutoka na walezi wakaadimika. Joan na Richard Sweeney, mke na mume waliokuwa wanachama, waliueleza mkasa huo mwaka 1977.

Anayeanzisha wake ahakikishe anayeondoka anarudisha kiasi alichopewa. Ada ambayo wanachama humlipia karani ikikatwa kwa kuponi, isizidi kile karani anacholipwa, la sivyo kuponi zitapungua mtaani pole pole. Kila mwezi karani aandike maombi ya kutoka upande mmoja, waliojitolea kulea upande wa pili. Walezi wakizidi, ongeza kuponi kidogo. Maombi yakizidi, zipunguze.

Kwa jioni na dharura fupi, tunaupendekeza bila kusita. Kwa mzazi anayeshinda kazini kutwa hautoshi; huyo anahitaji yaya au kituo cha kulelea watoto.