Kuhamisha mfumo wa benki: kwa mkupuo au kidogo kidogo?

Benki nyingi kubwa bado zinaendesha miamala kwenye meinfremu, zile kompyuta kubwa, kwa programu za COBOL, lugha iliyoanza 1959. Kuzirekebisha kunachosha, lakini pesa hazibaki njiani: ukimtumia mwenzako, ama zitoke kwako na ziingie kwake, ama kusitokee kitu kabisa. Mfumo mpya ukishindwa hapo, uzuri wa skrini yake haumsaidii mtu.

Kuhama kwa mkupuo kunavutia. Wikendi moja tu, na hakuna gharama ya kulea mifumo miwili. Benki ya TSB ya Uingereza ilihama hivyo Aprili 2018, ikitoka kwenye mfumo wa benki ya Lloyds na wateja wake zaidi ya milioni 5. Data yenyewe ilifika salama. Kilicholemewa ni jukwaa jipya, yaani mfumo ulioipokea. Wateja hadi milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na mambo yalitulia kabisa Desemba. Mwaka 2022 mamlaka zinazosimamia mabenki zikaitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65.

Commonwealth Bank ya Australia ilikwenda kwa hatua kuanzia 2008, kwa miaka kama mitano. Bili nayo ilipanda, kutoka dola milioni 580 za huko hadi zaidi ya bilioni moja. Halafu kuna kero ya mifumo miwili kuishi pamoja: kila siku salio lazima lilinganishwe, na senti moja ikipotea, mtu halali.

Mimi ningelipa hiyo bilioni. Kosa la hatua ndogo hurudishwa nyuma kabla foleni haijafika mlangoni.