TAHADHARI: Mashine ya kuoshea kwa maji ya presha unayojaribishiwa dukani siyo ile unayobebeshwa kwenye boksi

Nilikuwa sitaki kuandika hii kwa sababu naona aibu, mtu mzima nimeuza vitenge Kariakoo hiyo hiyo miaka sita halafu naingizwa mjini na kijana ambaye naweza kumzaa. Ila jana nimeona ile video ya hao walioniuzia tena kwa jina jipya, na chini yake mtu anauliza bei na mzigo unafikaje Morogoro, nikasema hapana, huyu naye anaenda kulia, bora niseme.

Laki nne na themanini. Hela ya mchezo, zamu yangu niliyoisubiri tangu mwezi wa tatu, na wale mnaonijua mnajua kwa nini nilitaka mashine kabla ya mfungo. Pevingi za uani zimeota ukungu mpaka mama mkwe aliteleza, mnakumbuka, na gari la baba watoto, na mazulia yale. Kwa hiyo sikununua kwa tamaa, nilikuwa na shida nayo.

Na naomba mtu asije kuniambia kwa nini ulituma hela mtandaoni, SIKUTUMA. Nilifunga safari mwenyewe. Niliwaona Instagram, wana video wanatoa tope kwenye lori, tope linatoka lote rangi inabaki inang'aa, wameandika wati 3000, presha ya maji ba 400, lita 15 kwa dakika, mota kopa tupu, waranti mwaka mmoja. Nikawapigia, wakaniambia mama karibu dukani uione kwa macho yako. Sasa tapeli gani anakuita dukani? Ndo nilivyowaza, na nadhani wengi mngewaza hivyo.

Nimefika, ghorofa ya pili, fremu safi, mashine zimepangwa kwa saizi, kijana kavaa kanzu ilikuwa Ijumaa, kanipa kiti na maji ya kunywa. Akaniuliza nyumbani una maji ya bomba au kisima? Una tanki juu? Umeme wako unashuka jioni? Yaani maswali ya mtu anayeijua kazi. Akanionyesha zile nozo za rangi, vile vichwa vya kutolea maji, akasema mama hii nyekundu usiiguse kwa gari, inatoa maji kama sindano, inachana tairi na kubandua rangi, gari tumia nyeupe na usisogee karibu sana, pevingi tumia ya njano au ya kijani. Na yote hayo ni kweli! Fundi kaja kunithibitishia baadaye kwamba hapo hakudanganya. Ndo kilichoniuma zaidi, mtu kanipa ukweli tisa ili nimeze uongo mmoja.

Halafu akawasha. Mashine nyekundu, magurudumu mawili, nzito kweli, alimwita mwenzake wakaivuta wawili mpaka mlangoni kwenye ndoo ya maji. Akanipa ile bunduki ya kurushia maji niishike mimi. Nilipobonyeza ule mkono ulirudi nyuma nikashtuka, maji yakapiga ukuta yakachora mstari mweupe kwenye uchafu, ule mstari mpaka leo nauona. Nikaachia, mashine ikanyamaza yenyewe. Nikabonyeza ikawaka. Nikasema hii hii nipakieni.

Akacheka vizuri tu, akasema mama hii ni ya maonyesho, imeshatumika, mimi siwezi kukupa kitu kilichotumika, ni dhambi, ngoja nikutolee mpya stoo. Dhambi! Katumia neno hilo. Dogo akaja na boksi limepigwa gundi pande zote, picha ni ile ile nyekundu. Nikasema lifungue nione. Akasema mama ukilifungua hapa waranti inakufa, sili lazima ikatiwe nyumbani kwako. Nikanyamaza. Na huyo dogo, jamani, alikuwa amelibeba boksi begani kwa mkono mmoja huku mwingine anachati. Mashine ambayo dakika tano nyuma wanaume wawili waliivuta. Nimeliona hilo kwa macho yangu na sikusema kitu, niliwaza labda dogo ana nguvu.

Risiti akaandika kwa mkono, ati mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, mtandao unasumbua, nitakutumia picha jioni. Hajatuma mpaka leo.

Jumapili asubuhi tukafunga. Na nilifuata kila kitu maana nilimwita fundi wetu wa friji kwa simu aniongoze. Tukafungulia maji kwanza kabla ya umeme, tukabonyeza bunduki mpaka hewa yote ikatoka na maji yakaja bila kukohoa, ndo tukawasha, maana pampu ikizungushwa kavu sili zake zinaungua. Tulichomeka moja kwa moja ukutani, sio kwenye ile ekstensheni nyembamba ya tivii, kile kichujio cha pale maji yanapoingia tulikisafisha, na maji ni ya bomba kutoka kwenye tanki. Ninasema haya yote kwa sababu mtaona walichonijibu.

Sauti yake tu ilikuwa kama blenda inayosaga barafu. Maji yanatoka, ndiyo, lakini hata mpira wa kumwagilia ukiuziba na kidole unapiga kuliko vile. Ukungu haukutoka hata kidogo. Ukiachia bunduki mashine inaendelea kunguruma tu, haizimi. Baada ya kama dakika kumi na mbili maji yakaanza kuchuruzika chini kwenye kitako, harufu ya plastiki inaungua, moshi, sakiti breka ikakata nyumba nzima. Mwanangu alikuwa kasimama peku kwenye maji yale yale. Nilipiga kelele majirani wakatoka. Hilo la mtoto ndo silisamehe, hela Mungu ataleta nyingine.

Fundi alivyofungua nikatamani nisingekuwepo. Mota ndogo ya brashi za kaboni, kweli kama ya blenda. Waya una rangi ya kopa, akaukwangua kwa wembe ndani mweupe, aluminiamu imepakwa rangi. Kichwa cha pampu kinachong'aa kama dhahabu, walichosema ni brasi, akakikwaruza na bisibisi, rangi ya spirei ikatoka. Halafu akabandua stika ya wati 3000 pembeni, taratibu kwa kucha, chini yake kuna stika nyingine. Wati 1200.

Akanipigia hesabu ambayo laiti ningeijua siku ile. Unachukua zile ba unazidisha na lita zinazotoka kwa dakika, unagawa kwa 600, unapata kilowati za kuisukuma hiyo presha tu. Ba 400 mara lita 15 gawa kwa 600 ni kilowati 10. Plagi ya kawaida ya nyumbani ampea 13 inaishia kama kilowati 3 tu! Kwa hiyo lile tangazo lenyewe lilikuwa linajisema kwamba ni uongo. Mashine ya nyumbani ya kweli ni ba 100 mpaka 150 hivi, lita sita, saba, nane kwa dakika, basi, na hiyo inatosha gari na pevingi.

Nikarudi dukani Jumatatu. Wakaniambia umetumia maji ya chumvi, waranti imekufa. Maji ya chumvi! Wale walioniuliza wenyewe nikawajibu ni bomba! Jumatano bosi kasafiri. Wiki iliyofuata nimepanda ngazi zile nakuta fremu inauza mabegi ya shule na dada wa watu hajui lolote, namba haipatikani, na Instagram wameniblock.

Nimeshachukua RB polisi, namba ya kesi yangu, na Tume ya Ushindani nawapelekea mashine yenyewe ikiwa imefunguliwa hivyo hivyo na stika zake mbili, waione. Hawa watu wakikamatwa wasipigwe faini wakaachiwa kesho wakafungua fremu nyingine, wafungwe, na mizigo yao yote ichomwe, na anayewapangisha akijua aulizwe naye. Mtu anayekuuzia kitu cha umeme na maji akijua kitaungua huyo sio mfanyabiashara, anacheza na roho za watu.

Kama unaenda kununua, iliyo ndani ya boksi ndo ifunguliwe palepale, ndo iwashwe na maji dakika kumi kabla hujalipa, uinyanyue mwenyewe uone uzito. Wakikataa ondoka. Ukurasa wao walikuwa wamefunga komenti, hilo nalo sikulipa uzito. Na risiti ya EFD, hata mtandao ukisumbua mpaka magharibi subiri.

Jina silitaji hapa kwa sababu ya kesi, tayari wamebadilisha mara mbili, ila video ni ile ile ya lori la bluu na tope. Aliyeuziwa na watu wa video hiyo aje inbox na picha ya stika aliyoibandua, tunakwenda pamoja Alhamisi, mpaka sasa tuko wanne.