Kanada bila gari: tathmini ya usafiri wa Toronto, Montreal na Vancouver, na kumbi zake kongwe za hoki

Mkenya anayefunga safari ya kwenda Kanada mara nyingi hulakiwa uwanjani na ndugu au rafiki mwenye gari, akapelekwa moja kwa moja hadi kitongoji cha mbali, na kuanzia hapo akawa mtu wa kubebwa: leo dukani, kesho kanisani, kesho kutwa Niagara. Hurudi Nairobi akiwa ameona barabara kuu na maegesho ya magari kuliko alivyoiona miji yenyewe. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu huduma bora zaidi ambayo miji mikubwa ya Kanada humpa mgeni ni usafiri wake wa umma, na njia nzuri ya kuupima usafiri huo ni kuutumia kuzitembelea kumbi za zamani za hoki ya barafuni. Hoki ndiyo mchezo unaopendwa kuliko yote nchini humo, na jinsi kila mji ulivyoutendea ukumbi wake wa zamani humwonyesha mgeni unachokithamini.

Nianze na Toronto. Treni ya UP Express, iliyozinduliwa mwaka wa 2015, humtoa abiria uwanja wa ndege wa Pearson na kumfikisha stesheni kuu ya Union kwa dakika 25, na huondoka mara kwa mara kiasi kwamba hakuna haja ya kuangalia ratiba. Kutoka hapo mtu huingia mikononi mwa TTC, shirika linaloendesha treni za chini ya ardhi, mabasi na tramu. Nauli ya mtu mzima anayelipa kwa kadi ni dola 3.30, yaani takriban shilingi 300, na malipo hayo hudumu kwa saa mbili: ndani ya muda huo unaweza kushuka, kununua mkate, kupanda basi jingine, hata kurudi ulikotoka, bila kutozwa tena. Watoto wa miaka 12 na chini yake hawalipi chochote. Kadi ya benki ya kawaida hukubaliwa pia ukiigusisha kwenye mashine, kwa hiyo mgeni hahitaji kuanza siku yake kwa kutafuta mahali pa kununua tiketi.

Nauli hiyo haibadiliki mvua ikinyesha, wala saa za jioni watu wanapomiminika kwenda nyumbani. Abiria wa Rongai au Githurai ambaye ameshuhudia nauli ikipanda maradufu mara tu mawingu yanapotanda ataelewa uzito wa jambo hili bila kuelezwa zaidi. Ukijua gharama ya safari kabla ya kutoka nyumbani, unaweza kupanga siku nzima na familia, na huo ni utulivu ambao wenyeji wa Toronto wameuzoea hata hawauoni tena.

Treni ya chini ya ardhi ya Toronto ndiyo ya kwanza kujengwa Kanada. Ilianza kazi Machi 30, 1954, chini ya Mtaa wa Yonge. Hata hivyo, kilichonivutia zaidi ni tramu. Miji mingi ya Amerika Kaskazini iling'oa reli za tramu katikati ya karne ya 20 ili kuyapa magari nafasi, na Toronto nayo ilikuwa imekusudia kufanya hivyo, mpaka wananchi walipopinga na uamuzi ukabatilishwa mwaka wa 1972. Leo tramu ndefu nyekundu na nyeupe hupita katikati ya mitaa ya Queen, King na Spadina. Tramu inaposimama barabarani na kufungua milango, sheria huyataka magari yanayoifuata yasimame nyuma ya milango hiyo hadi abiria wamalize kushuka na kupanda. Nilimtazama mama mmoja mzee akishuka na kigari chake cha ununuzi, akatulia kupanga mifuko yake, kisha akavuka hadi kando ya barabara, huku lori kubwa likimsubiri bila kupiga honi hata mara moja. Nairobi tunahitaji sheria ya namna hiyo, na tunahitaji itiiwe.

Upungufu upo. Mtandao wa treni ni mdogo mno ukilinganishwa na ukubwa wa mji, na wakazi wengi wa Scarborough, mashariki mwa mji, ambako wahamiaji wengi huishi, wamebaki wakitegemea mabasi tangu njia yao ya reli ilipofungwa kwa sababu ya ajali ya Julai 2023, treni ilipoacha reli. Jumapili nayo, treni za chini ya ardhi huanza mnamo saa mbili asubuhi, jambo ambalo anayekusudia kuhudhuria ibada ya kwanza anapaswa kulijua mapema.

Sasa tufike kwenye barafu. Shuka kituo cha College. Kuta zake zina michoro ya mwaka wa 1984 ya msanii Charles Pachter, ambapo wachezaji wa Toronto Maple Leafs na wale wa Montreal Canadiens wanatazamana wakiwa wametenganishwa na reli, kama kwamba mechi inasubiri treni ipite ndipo ianze. Tembea kidogo kuelekea mashariki, au panda tramu nambari 506, utafika kwenye jengo la matofali ya manjano lenye kuba jeupe. Hilo ndilo Maple Leaf Gardens. Lilijengwa mwaka wa 1931, wakati uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka, na lilikamilika kwa muda wa miezi mitano hivi. Mwenye timu, Conn Smythe, alipopungukiwa na fedha, wafanyakazi wa ujenzi walikubali sehemu ya ujira wao ilipwe kwa hisa za ukumbi wenyewe. Mechi ya kwanza ilichezwa Novemba 12, 1931, na Chicago ikawafunga wenyeji 2-1. Ya mwisho ya ligi kuu, NHL, ilichezwa Februari 13, 1999, na Chicago ikawafunga tena, mara hii 6-2. Kati ya siku hizo mbili, Maple Leafs walinyakua Kombe la Stanley, ambalo ni kombe la ubingwa wa NHL, mara kadhaa, na Muhammad Ali alipigana humo na George Chuvalo mwaka wa 1966.

Leo ghorofa ya chini ni supamaketi ya Loblaws. Niliposikia hivyo kabla ya kwenda, nilitarajia kuhuzunika, lakini kazi iliyofanyika pale ni ya heshima. Kwenye ujia mmoja kati ya rafu, sakafuni, kuna doa jekundu linaloonyesha mahali hasa ambapo katikati ya uwanja palikuwa, na wanunuzi huzungusha vigari vyao juu yake wakiwa na maziwa na nyanya. Ukutani limetundikwa jani kubwa la mti wa maple, nembo ya timu, lililoundwa kwa viti vya zamani vya watazamaji. Lililo muhimu zaidi liko juu. Chuo kikuu ambacho sasa huitwa Toronto Metropolitan kilitandaza uwanja mpya wa barafu chini ya kuba lile lile la 1931, na mnamo Januari 1, 2024, mechi ya kwanza kabisa ya ligi mpya ya kulipwa ya wanawake, PWHL, ilichezewa hapo. New York iliishinda Toronto 4-0, na ukumbi uliokaribia kusahaulika ukaingia tena katika historia ya mchezo. Mgeni anayeingia kununua ndizi huweza kupanda juu akawakuta wanafunzi mazoezini, na sauti ya vyuma vya viatu vikikwaruza barafu humfikia kabla hajawaona.

Asiyeufahamu mchezo asiogope. Kila upande huwa na wachezaji sita, mlinda lango akiwa mmoja wao, vipindi ni vitatu vya dakika 20, na kisahani cha mpira mgumu ndicho kinachofukuzwa. Wala si mchezo mgeni kabisa kwetu: uwanja wa barafu wa Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ulifunguliwa mwaka wa 2005, ukaizaa timu ya Ice Lions, ambayo mwaka wa 2018 ilialikwa Kanada na kucheza bega kwa bega na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Montreal inashinda kwa treni, na wala si kwa tofauti ndogo. Metro yake ilifunguliwa Oktoba 14, 1966, miezi michache kabla ya maonyesho ya Expo 67, wakati wa meya Jean Drapeau. Ina njia 4 na vituo 68, vyote chini ya ardhi, na treni zake hutembea kwa magurudumu ya mpira kama yale ya Paris. Mpira huo huiwezesha treni kupanda miinuko na kupunguza kelele, lakini haufai kwenye theluji, na ndiyo sababu mtandao mzima umekaa ardhini, ukiunganishwa na zaidi ya kilomita 30 za njia za miguu zinazopita chini ya maduka na ofisi. Wakati wa baridi kali mtu anaweza kushinda mjini bila kuvaa kofia.

Vituo viligawiwa wasanifu mbalimbali, kwa hiyo hakuna kinachofanana kabisa na kingine. Ukiwa na nafasi ya kukitazama kimoja tu, kiwe Champ-de-Mars, ambacho kina ukuta wa vioo vya rangi uliotengenezwa na Marcelle Ferron mwaka wa 1968. Jua linapowaka, rangi nyekundu, buluu na kijani humwagika sakafuni na juu ya nguo za watu wanaokimbilia kazini, nao hupita bila kuangalia. Tazama pia milango ya kuingilia vituoni: ni mizito, na huzunguka kwenye mhimili wa katikati, kwa kuwa upepo unaosukumwa na treni ungeifanya milango ya kawaida iwe vigumu kufungua. Matangazo hutolewa kwa Kifaransa, lakini kila upande wa njia hutambulishwa kwa jina la kituo cha mwisho, na hilo latosha kumwongoza mgeni. Kasoro ninayoiona ni nzito: vituo vingi bado havina lifti, na mtu wa kiti cha magurudumu au mzazi mwenye mtoto na masanduku huhangaika kwenye ngazi.

Ukumbi wa Forum, ulio karibu na kituo cha Atwater, ulinivunja moyo. Ulifunguliwa Novemba 1924 na NHL ikauhama Machi 1996. Humu ndimo Maurice Richard, nyota wa Canadiens, alimofanya jina lake, na adhabu aliyopewa ilizua ghasia kubwa Machi 17, 1955, kuanzia ndani ya ukumbi hadi Mtaa wa Sainte-Catherine. Humu pia, katika Olimpiki ya 1976, mwanajimnastiki wa Romania, Nadia Comaneci, alipata alama 10 kamili, na ubao wa matokeo ukaonyesha 1.00 kwa sababu haukuundwa kuonyesha zaidi ya 9.99. Mkenya hawezi kusimama hapo asiukumbuke mwaka huo, maana nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zile za Afrika zilizosusia michezo hiyo kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Wanariadha na mabondia wetu walioiva hawakupata nafasi nyingine kama ile. Jengo sasa ni la sinema na maduka. Wameacha alama ya katikati ya uwanja na kipande cha jukwaa la watazamaji, lakini barafu haipo, na bila barafu alama ile ni pambo tu. Nairobi tunaijua hali hiyo: sinema ya Globe iliacha kuonyesha filamu zamani, na jina lake likabaki kwa mzunguko wa barabara.

Vancouver sitaikalia sana, kwa kuwa inajieleza yenyewe. SkyTrain, iliyojengwa kwa ajili ya Expo 86, huendeshwa bila dereva, na kiti cha mbele kabisa humpa abiria mwonekano wa milima na bahari ambao hauna bei. Canada Line, ya mwaka wa 2009, hukufikisha katikati ya mji kutoka uwanja wa ndege, ingawa anayepandia uwanjani huongezewa dola 5 juu ya nauli. Ukumbi wa zamani, Pacific Coliseum wa mwaka wa 1968, hufikiwa kwa basi la Mtaa wa Hastings. Canucks, timu ya NHL ya mji huo, waliuhama mwaka wa 1995, lakini barafu haikuondolewa: ulitumika kwa Olimpiki ya 2010, na mwaka wa 2025 ukawa nyumbani kwa timu mpya ya PWHL. Jirani yake palikuwa na Uwanja wa Empire, uliobomolewa, ambako Kenya ilishiriki Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa mara ya kwanza mwaka wa 1954, Nyandika Maiyoro akiwa miongoni mwa wanariadha wetu. Ningependa kuona jina lake limeandikwa mahali fulani hapo, na ubalozi wetu unaweza kuliomba jambo hilo.

Mwenye fedha za mji mmoja tu na anayependa kuzunguka aende Montreal. Anayetaka hoki aende Toronto kati ya Novemba na Machi, akate tiketi ya mechi ya PWHL badala ya ile ya Maple Leafs, ambayo bei yake ni ya kutisha, kisha atenge asubuhi moja kwa ajili ya Gardens. Avae buti zisizoteleza, kwa maana theluji iliyoyeyuka hujikusanya kwenye vituo vya tramu, na abebe kadi ya benki iliyofunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi kabla ya kuondoka Nairobi.