Kalibu ya "45 zote": nyota moja, labda zaidi, na yule bwana wa simu

Nianze na yule bwana wa simu, maana bila yeye nisingeandika hata sentensi moja. Kitu kibovu mtu hukirudisha, pesa zikarudi, maisha yakaendelea. Lakini kuambiwa na mtu unayempa pesa zako kwamba tatizo ni macho yako, halafu akuulize "kwani huko ulikotoka mnapima kwa kifaa gani?", hilo halirudishwi dukani.

Kampuni siitaji, sitafuti kesi. Wanatengeneza kalibu za alumini za kusubia risasi za bastola, wapo hapa hapa Marekani, na bei zao zinavutia. Nimekaa Texas miaka ya kutosha, na uwanja wa shabaha ndio starehe yangu ya Jumamosi. Risasi za dukani zimepanda bei hadi mtu anafyatua huku anahesabu dola, kwa hiyo kama wengi hapa najisubia mwenyewe gereji. Sheria ya hapa haidai leseni kwa anayejitengenezea za matumizi yake. Leseni inakuja ukitaka kuuza. (Ndugu zangu mlioko Kenya, msije mkasema nimewaingiza mjini. Sura ya 114 ya sheria zetu haina mzaha na mambo haya.)

Nina bastola tatu, zote za 45, yaani kipenyo cha inchi 0.45 hivi. Moja ni ya magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, mtindo ule wa John Browning wa 1911. Ya pili ni rivolva, ile ya silinda inayozunguka, ya .45 Colt, mpya. Ya tatu nayo ni .45 Colt lakini ya zamani, ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, niliuziwa na mjane wa mzee mmoja tuliyekuwa tukilenga naye, na katika zote hiyo ndiyo naipenda kupita kiasi. Nilitaka kalibu moja itakayozilisha zote tatu. Si ubahili. Sawa, ubahili upo, lakini pia kila kalibu ina tabia zake za joto, na ukishaizoea moja hutaki kuanza urafiki mpya.

Asiye na habari atasema 45 ni 45. Hapana. Jeshi la Marekani lilianza kutumia .45 Colt mwaka 1873, na kwa miongo mingi mitutu yake ilichongwa kufuata risasi ya kipenyo cha inchi 0.454 hivi. Baada ya vita viwanda vikateremka hadi 0.451 na 0.452, yaani sawa na ile ya magazini. Jina likabaki lile lile, tundu likabadilika. Na kwenye rivolva mtutu si neno la mwisho, kwa sababu kabla ya kuufikia risasi inapita kwenye koo la silinda, ile sehemu nyembamba mbele ya kila chumba. Risasi ikipwaya pale, gesi ya moto inapenya ubavuni mwake, inalamba madini ya risasi na kuyapaka ndani ya mtutu. Utasugua kwa brashi mpaka mkono ufe ganzi, na shabaha bado itakwenda kombo. Zikipwaya sana zinafika kwenye karatasi zimelala ubavu, unaona tundu la umbo la risasi nzima badala ya duara.

Kwa hiyo nilipima kwanza. Nilipitisha madini laini ndani ya kila mtutu na kila koo, nikayapima kwa maikromita: ya magazini 0.451, makoo ya rivolva mpya 0.452, makoo ya bibi yangu wa zamani, ile rivolva niliyouziwa na mjane, 0.454 na unywele. Nikawaandikia hawa watu namba zote kabla ya kulipa. Akanijibu kijana wa mauzo, mpole, mwenye adabu, kwamba kalibu yao ya greni 200 (ndio uzito wa risasi) hutoa risasi nene, nisiwe na wasiwasi, itazitosha zote. Kazi yangu itakuwa kupunguza tu. Na kanuni yenyewe ni hiyo: risasi nene unaisukuma ndani ya dai, tundu la chuma la kupunguzia, inapungua, nyembamba huna la kuifanya. Ukiwa na bastola kadhaa unanunua kwa ajili ya ile yenye koo pana kuliko zote, nyingine zitafuata. Alijua hilo. Aliandika kabisa.

Kalibu ikaja. Kusema kweli ilikuwa nzuri kuitazama, na kibao cha kukatia mikia kilifunguka laini. Nikaiosha mafuta, nikaipasha moto, nikasubu. Risasi zikadondoka zenyewe bila kugongwagongwa, kingo kali, mifereji ya grisi imejaa vizuri. Nilifurahi, nikampigia rafiki yangu mmoja wa Mombasa anayeishi Houston kumtambia. Halafu zikapoa, nikazipima.

Kalibu ina matundu mawili. Risasi za tundu moja 0.4515. Za la pili 0.450. Kalibu moja, madini ya sufuria moja, joto moja.

Najua mtakachosema, na yule bwana alisema hicho hicho: madini yako. Ni kweli madini yana neno. Madini ya risasi yasiyochanganywa na kitu hunywea zaidi yakipoa. Ukiongeza antimoni risasi inatoka nene kidogo, ndiyo maana wazee wanasaka Linotype ya mitambo ya zamani ya kuchapia magazeti, yenye antimoni asilimia 12 na bati asilimia 4. Mimi natumia vyuma vya kubalansia magurudumu, vile vya zamani vya madini ya risasi, nakichagua kimoja kimoja kwa sababu siku hizi vimejaa zinki na chuma, na zinki ikiingia kwenye sufuria umekwisha. Naongeza bati kidogo. Si madini ya kuokota jalalani. Na hata yangekuwa ya jalalani, madini hayawezi kuyatofautisha matundu mawili yaliyojazwa kwa kijiko kimoja! Hapo mwenye lawama ni aliyeyachonga.

Nikapiga simu. Kijana mpole hakuwepo. Akapokea huyu mwingine, sauti ya mtu aliyekatizwa chakula. Nikaeleza taratibu, nikampa vipimo. Akaniuliza maikromita yangu ni ya aina gani. Nikamtajia. Kimya, kisha akasema labda sijui kuisoma. Nikamwambia nimekuwa fundi mitambo tangu ujana wangu, kusoma maikromita ndiko kulikonilea watoto. Ndipo akaniuliza hilo swali la huko nilikotoka. Nikanyamaza kidogo, maana nilikuwa na majibu mengi na yote yangenitia aibu mbele ya wanangu waliokuwa sebuleni. Nikamwuliza atanisaidiaje. Akasema, "Paka rangi ya unga, uache kulialia," akakata.

Kwa wasiojua, rangi ya unga ni ile ya viwandani: unazitikisa risasi kwenye kopo lenye unga wa rangi mpaka unang'ang'ania, unazioka kwenye oveni kwenye nyuzi 200 hivi za Selsiasi, zinatoka na ngozi ngumu badala ya kupakwa grisi. Oveni hiyo chakula hakiingii tena humo maishani. Mama watoto alinipa masharti hayo kabla sijamaliza kueleza, na ana haki; haya madini ni sumu, ndiyo maana nasubu mlango wa gereji ukiwa wazi, feni inavuma, na sishiki kikombe cha chai kabla ya kunawa.

Kwa wiki kadhaa sikutaka kusikia habari za rangi, kwa sababu ya aliyezitaja. Nilijaribu kwanza ujanja wa wazee: kubandika utepe wa foili ya alumini, ule wa mafundi wa mabomba ya hewa, kwenye uso wa nusu moja ya kalibu ili isifunge sawasawa. Risasi ikanenepa, kweli, lakini kwa upande mmoja tu, ikawa yai, na ina mabawa kwenye mshono. Nikatupa utepe.

Basi nikapaka rangi. Na hapa, jamani, ndipo ninapokasirika upya, maana ilifanya kazi. Ngozi ile huongeza kama elfu mbili za inchi, wakati mwingine tatu. Zile za tundu dogo zikapanda mpaka 0.452 na kitu. Nikazipitisha kwenye dai, nikazipeleka uwanjani, na bastola ya magazini ikaanza kufanya mambo ambayo sikuwahi kuona kwenye mkono wangu. Risasi ya bega kama hii, yenye ukingo chini ya pua, ina masharti kwenye magazini: bega lichungulie nje ya mdomo wa ganda kwa unene wa ukucha hivi, likizidi bastola haifungi, likipungua inajikwaa kwenye njia ya kupandia. Hii ilipanda kama imesomea. Matundu kwenye karatasi yakagusana. Jirani yangu wa meza, mzee asiyesifu mtu, akaniomba moja aitazame. Rivolva mpya nayo ikaridhika, mtutu ukabaki safi.

Kwa hiyo siku ile ningeandika nyota nne, na ningemsamehe hata yule bwana.

Lakini bibi yangu wa zamani je? Hata zile za tundu kubwa, zilizookwa na rangi, zinapita kwenye makoo yake bila hata kuyagusa. Nikamlisha chache, karatasi ikarudi na matundu yaliyolala ubavu. Halafu kuna mfereji wa kukunjia mdomo wa ganda, ambao umbo hili halina. Kwenye magazini hauhitajiki, kwa sababu ganda huegemea mdomo wake ndani ya chumba, kwa hiyo mdomo haukunjwi. Kwenye rivolva yenye mshindo unakunja mdomo juu ya bega la risasi na kuomba Mungu, kwani risasi isiposhikwa barabara inatambaa mbele kila unapofyatua mwenzake, na ikitokeza nje ya silinda kila kitu kinakwama. Barua pepe ya kijana mpole haikuwa na neno kuhusu hilo, ingawa nilimwambia wazi mbili kati ya tatu ni rivolva.

Sasa nimeagiza kalibu ya shaba kwa fundi mmoja anayechonga kwa oda. Bei yake sitaiandika hapa, kuna watu wa nyumbani kwangu wanasoma. Swali lake la kwanza, kabla ya jina wala pesa, lilikuwa koo pana kuliko yote ni la inchi ngapi, la pili nitatumia madini gani. Itatoka 0.455, ina mfereji wa kukunjia, na nyingine mbili nitazipunguzia.

Hii ya alumini siiuzi. Nimeiachia ile ya magazini, na tundu kubwa ndilo ninalolipenda. Mkiwa na 1911 peke yake, inunueni, mpake rangi, mtafurahi. Mkiwa na rivolva ya zamani, pitieni mbali. Nyota tatu basi. Ya nne ilikuwa yao kama simu ingepokewa na yule kijana.